Njiwa Aliyepita Majini

Mwezi jana niliingia duka la dawa za mifugo pale Kitengela kumnunulia mama dawa ya viroboto wa mbwa wake. Kijana wa duka alikuwa akimpimia mteja mwingine dawa ya kuua viini kutoka kwenye mtungi mkubwa, na alipofungua kifuniko ile harufu ikanifikia mlangoni: kali, ya lami na sabuni, inayopanda puani mpaka machozi yanalengalenga. Nikacheka peke yangu. Mteja akaniangalia, kijana naye akaniangalia, nami nikashindwa kuwaeleza kwamba wamenikumbusha njiwa. Nikanunua chupa ya dawa hiyo pia, ingawa hakuna aliyenituma, na njia nzima ya kwenda kwa mama nikawa tena na umri wa miaka tisa.

Miaka hiyo Kitengela ilikuwa bado inajifunza kuwa mji. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kwenye barabara ya vumbi, na ukishaipita hapakuwa na kitu ila nyasi, miiba na upepo. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi ulikuvua viatu ukabaki navyo. Baba alikuwa karani katika kiwanda cha saruji upande wa Athi River, na jioni alirudi nyusi zimekuwa nyeupe, akatuambia tumwamkie vizuri maana amezeeka tangu asubuhi. Ilipofika miezi ya nyumbu kuzaa, tuliwaona kwenye dirisha la jikoni wakipita makundi kwa makundi kutoka mbugani. Sisi watoto wa watu wa Bungoma, waliozoea kuona miwa dirishani, tulidhani kila mtu duniani anaosha vyombo akitazama nyumbu.

Mama alikuwa na kuku wa mayai mia mbili, kwenye banda la mabati na waya nyuma ya nyumba. Aliwapenda kuku wale. Sisi pia alitupenda, lakini sisi hatukuwa tunataga. Siku moja alienda semina ya wafugaji mjini Kajiado, akarudi na daftari limejaa sheria kutoka jalada hadi jalada, na tangu siku hiyo maisha yetu yakabadilika. Gambuti, zile buti ndefu za mpira, za bandani hazitoki bandani. Wageni hawaingii bandani, hata wakiwa shangazi. Ndege wa porini na njiwa wasio na mwenyewe ni marufuku, kwa sababu wanatembea na magonjwa miguuni na kwenye kinyesi chao. Na mbele ya mlango wa banda, baba akaamriwa aweke tairi kuukuu la lori, lililokatwa kwa mzunguko likawa hori la duara, limejaa maji na ile dawa yenye harufu ya lami.

"Kila kitu kinachoingia hapa kinapita majini kwanza," mama alitangaza, mkono kiunoni. "Sijali ni nani. Hata mchungaji akikuja, anapita majini."

Baba alisimama mguu mmoja upande huu wa tairi na mguu mwingine upande ule, akainua uso mbinguni. "Mimi nilibatizwa nikiwa kijana," akasema. "Sasa nimekuwa wa kubatizwa kila jioni."

Mama hakucheka. Mimi sikucheka pia, kwa sababu niliona baba amesema ukweli mtupu. Jumapili iliyopita tu, mwalimu wetu wa watoto kanisani alikuwa ametufundisha habari ya Yesu kubatizwa: akaingia majini, akatoka, na Roho akamshukia mfano wa njiwa. Nikaweka mambo hayo mawili pamoja kichwani mwangu kama mtu anayepanga sahani kabatini. Maji ya tairi yalikuwa maji ya ubatizo wa kuku. Ukipita, umekubaliwa. Usipopita, wewe ni mwenye dhambi za magonjwa.

Kilichonisumbua ni njiwa. Walikuwa kama kumi na tano, hawana mwenyewe, wanatoka huko kwenye kinu cha unga cha sokoni na kuja kutua juu ya mabati ya banda letu kutafuta chakula kilichomwagika. Nilikaa siku kadhaa nikilifikiria kosa lao. Mwishowe nikalipata: kosa lao ni kwamba wanakuja kwa njia ya hewani. Tairi liko chini, wao wako juu, sasa watapita majini saa ngapi? Hawakuwa wabaya. Walikuwa tu hawajaonyeshwa njia.

Mmoja wao alikuwa wangu. Alikuwa wa rangi ya majivu na bawa moja jeupe, na alitembea akichechemea kwa sababu uzi wa gunia ulikuwa umemfunga vidole vya mguu wa kushoto ukakaza mpaka kidole kimoja kikakatika. Nilimpata karibu na tangi la maji, amechoka hata kuogopa. Nilimshika, nikamweka kwenye sketi ya shule, nikakata uzi ule kidogo kidogo kwa mkasi wa kushonea wa mama. Moyo wake ulipiga kwa kasi chini ya kidole changu. Nilipomaliza alinitazama kwa jicho moja la rangi ya machungwa, kisha akageuza kichwa akanitazama kwa lile lingine, nami nikampenda papo hapo, bila kungoja.

Basi redio ikaanza. Ilitangaza habari za ugonjwa wa ndege katika nchi za mbali, ugonjwa unaoua kuku na hata watu, na kwamba unaweza kuletwa na ndege wanaotangatanga. Mama alisikiliza amesimama, mwiko mkononi, ugali ukiungua. Taarifa ilipoisha akamwita kaka yangu Wafula, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu na kipaji kimoja tu duniani.

"Wafula, ile manati yako iko wapi?"

Wafula alisitasita, maana mama ndiye aliyeificha manati hiyo baada ya dirisha la jirani kuvunjika. "Si uko nayo wewe?"

"Kuja uchukue. Sitaki kuona njiwa hata moja kwa hiyo mabati. Umesikia?"

Sijawahi kuona mtu akipewa kazi akaipokea kwa furaha namna ile. Tangu siku hiyo, Wafula akitoka shule alikuwa analala kifudifudi nyuma ya tangi la maji na mfuko wa kokoto, akiwalenga njiwa. Alikuwa anawakosa. Wafula alivunja dirisha la jirani kwa sababu alikuwa amelenga mti. Lakini kila kokoto iliyokosa njiwa ilipiga mabati, pwa! nao njiwa wakaruka, wakazunguka, wakarudi, na kokoto nyingine ikafuata. Alinitangazia chakulani kwamba yule mwenye bawa jeupe anamjua, na huyo hatamwacha. "Nimeshampima," akasema. "Anatosha sufuria ndogo."

Kesho yake asubuhi nilikuwa na mpango.

Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo kokoto za Wafula hazingefika, napo ni ndani ya banda lenyewe. Huko njiwa angekuwa na paa, na waya, na chakula, na marafiki mia mbili. Kilichohitajika ni kumwingiza kwa halali. Jioni hiyo mama alienda ushirika wa akina mama, Wafula akatumwa dukani, nami nikamchukua njiwa wangu kwenye boksi nililomfichia tangu asubuhi, nilipomnasa kwa punje za mahindi, nikamleta mpaka kwenye tairi.

Kanisani kwetu watu walizamishwa mzima mzima, lakini nilimwonea huruma. Nikamzamisha hadi shingoni na kichwa nikakinyunyizia. Mtu akibatizwa hupewa jina, na mimi majina ya njiwa sikuyajua, kwa hiyo nikampa la mto. "Yordani," nikamwambia, "nakubatiza mbele ya kuku hawa." Kuku walikuwa wamejaa kwenye waya wakitutazama kwa makini kuliko waumini wengi niliowaona. Yordani akapiga chafya. Akajikung'uta, akanilowesha uso mzima, na macho yakaniwasha mpaka nikalia, nikaamini kwamba ndiyo Roho mwenyewe.

Kisha nikafungua mlango, nikamwingiza. Aliruka akakaa kwenye boriti ya juu, akinuka lami, akaanza kujipangusa manyoya kama mpangaji mpya anayefagia chumba.

Siku tatu zile nilikuwa mtoto mwenye furaha kuliko wote wilaya nzima ya Kajiado. Nilijitolea kulisha kuku na kuokota mayai asubuhi na jioni, ili mtu mwingine asiingie, na mama akamwambia baba kwamba huyu mtoto sasa anapata akili. Yordani alikuwa anashuka kwenye boriti, anakula kwenye hori moja na kuku, anachechemea katikati yao kama mzee wa kanisa. Nje kokoto zilipiga mabati, pwa! pwa! Ndani nilimwambia asijali.

Siku ya nne mayai yakapungua. Mama alinirudisha bandani, akidhani nimeruka viota. Siku ya tano yakapungua zaidi, trei zikabaki na mapengo. Na asubuhi ya siku ya sita, mama alitoka bandani akiwa ameshika kuku wawili kwa miguu, vichwa vinaning'inia. Aligeuza kreti, akakaa juu yake kwenye jua, kuku wale mapajani, na akawalaza manyoya ya shingo kwa kiganja.

"Imefika," akamwambia baba. Baba alikuwa tayari amevaa tai ya kazini. "Ile kitu ya redio. Imefika hapa kwangu."

"Ngoja daktari aseme, Mama Wafula."

"Daktari atasema nini? Atasema wachomwe wote. Si ndivyo wanafanya huko? Wanachimba shimo wanachoma wote."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na mkoba wa shule mgongoni. Nikasikia neno lile, wote, nikawaona kuku mia na tisini na nane wakiingia shimoni mmoja mmoja, na aliyewasukuma ni mimi. Ubatizo wangu haukushika. Labda ni kwa sababu sikumzamisha kichwa. Kwa huruma yangu ya kijinga nilikuwa nimeacha magonjwa yote kichwani mwa Yordani, yakashuka, yakaingia kwenye hori, na sasa mama alikuwa amekaa juu ya kreti akiwa na sura ambayo sikuwahi kuiona kwake hata kwenye mazishi.

Sikwenda shule. Nilijificha nyuma ya tangi mpaka daktari wa mifugo akafika kwa pikipiki kutoka Kajiado, kijana mwembamba mwenye koti refu jeupe lililojaa vumbi. Mama, pamoja na majonzi yake yote, alimwonyesha tairi kwa kidole, naye akapita majini bila kubisha. Akaingia bandani. Nikajua kwamba sasa atainua macho, atamwona Yordani kwenye boriti, na mambo yatakwisha.

Nikatoka mbio. Sikuwaendea wao, niliendea tairi. Nikaingia ndani ya maji yale na viatu na soksi za shule, miguu yote miwili, nikasimama hapo.

"Ni mimi!" nikapiga kelele. "Ni mimi nilileta ugonjwa! Niliingiza njiwa!"

Mama akatokea mlangoni. "Nekesa? Si uko shule?"

"Nilimbatiza lakini sikumfikisha kichwa! Usinikaribie mama, niko na ugonjwa! Mnichome mimi, msichome kuku!"

Nilikuwa nikilia mpaka kamasi zinafika kidevuni, na sikutaka kutoka kwenye maji. Nilidhani nikitoka tu, popote nitakapokanyaga patakufa kitu. Mama alinitazama. Alitazama maji, na viatu vyangu, na mlango wa banda aliokuwa ameuacha wazi, jambo ambalo daftari lake lilikataza kwa kalamu nyekundu. Kisha akafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka kifua hunijaa. Alikuja kwa gambuti zake za bandani, zile ambazo hazitoki bandani, akaruka tairi bila hata kugusa maji, akaniinua mzima mzima nikiwa nimelowa dawa, akanibana kifuani.

"Wewe, kukhu," akasema. "Nani amekwambia utachomwa? Nani?"

Kukhu ni bibi kwa lugha yetu, na mimi nina jina la bibi yangu. Akiwa na hasira aliniita Nekesa. Akiwa na raha aliniita kukhu. Siku hiyo niliitwa kukhu mahali ambapo nilistahili kuitwa Nekesa mara kumi, na nililia zaidi kuliko kama ningechapwa.

Nilipotulia, daktari alikuwa ameshatoka, amechuchumaa nyuma ya banda, amewapasua wale kuku wawili juu ya gunia. Alituita. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayesoma barua ya mwandiko mbaya.

"Mama, hawa kuku si wagonjwa," akasema. "Wamenona. Walikula wakashiba. Uliwapata wapi, kwa kona?"

"Kwa kona, ndiyo. Chini ya wengine."

"Basi walilaliana. Kitu iliwashtua, wakakimbilia kona moja, hawa wakakosa hewa. Na hiyo ndiyo imefunga mayai pia. Kuku ikiwa na wasiwasi haitagi." Akainuka, akasikiliza kama anangoja kitu, kisha akapanda juu ya kreti akachungulia paa. Alikaa huko muda mrefu. Aliposhuka mkono wake ulikuwa umejaa kokoto. "Mama, ni nani huwa anapiga hii nyumba mawe?"

Wafula, ambaye alikuwa amerudi kwa mapumziko ya saa nne na kusimama kando akiwa na sura ya mtoto mwema, akaanza kurudi nyuma polepole, mkono mmoja umeshika kiuno cha suruali. Baba, aliyekataa kwenda kazini mpaka ajue mwisho wake, alienda akamgeuza, akachomoa manati iliyokuwa imechomekwa hapo chini ya shati.

"Kikulacho ki nguoni mwako," baba akasema, akainua manati juu kila mtu aione.

"Lakini ni mama alinituma!" Wafula akalia.

Na ilikuwa kweli. Mama alitazama kokoto, akatazama paa lake, akatazama manati. Daftari lake la semina lilikuwa na sheria chungu nzima, na hakuna hata moja iliyosema usipigie kuku mawe juu ya kichwa. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, hadi niliposikia kicheko kikitoka, kile kicheko chake cha kurudisha kichwa nyuma. Baba akashika ukuta. Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Hata mimi nilicheka, na kwikwi zangu bado hazijaisha.

Lakini daktari hakutuacha hivyo. Alivaa tena miwani, akaingia bandani, akatoka na Yordani amemshika kwa mikono miwili. "Msicheke mkasahau," akasema. "Semina haikukudanganya, mama. Huyu leo hakuleta kitu, lakini kesho anaweza leta. Njiwa na kuku hazikai nyumba moja. Tutaangalia kuku wiki mbili. Na huyu atoke leo." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe pastor, dawa si ya kuogesha ndege. Itamchoma macho."

"Atoke aende wapi?" nikauliza.

Wafula alikuwa na jibu la sufuria ndogo, lakini jicho la baba likalizima.

Wakati huo ndipo Mama Naisiae aliposimama langoni na mtungi wa maziwa. Alikuwa jirani yetu wa upande wa nyasi. Boma lao lilikuwa mwendo wa nusu saa kuelekea Kisaju, na maziwa yetu yalitoka kwake. Nilikimbia nikampa kichwa, kama watoto wa kwao wanavyowaamkia wakubwa, akakigusa kwa kiganja kilichonuka moshi. "Takwenya," akanisalimu kwa lugha yao. "Iko," nikajibu, na kamasi zangu. Akauliza kwa nini mtoto analia na watu wazima wanacheka. Baba akamweleza yote kuanzia mwanzo, naye akasikiliza bila kukatiza, isipokuwa kwenye ubatizo, ambapo aliomba arudiwe.

"Sasa shida ni hii ndege tu?" akauliza alipomaliza kujipangusa machozi. "Mama Wafula, unaona nyumbu wakikuja kuzaa? Mahali nyumbu inazalia inaacha ugonjwa mbaya sana ya ng'ombe. Sisi tunajua hiyo tangu zamani. Na unaona tukipiga nyumbu? Hatupigi. Tunahamisha ng'ombe mpaka nyumbu imalize, basi."

"Sasa mimi nihamishe kuku mia mbili?" mama akasema.

"Hapana. Wewe hamisha nyumbu." Akanyoosha mkono kwa daktari. "Leta."

"Utaipeleka wapi?"

"Kwangu. Kwangu hakuna kuku hata moja. Na hakuna mtu anakula ndege, sisi hatukuli hiyo kitu. Watoto hawatapiga, mzee hatakula. Itakufa uzee."

Daktari akafikiri, akakubali kwa kichwa. Nami nikaona kwa mara ya kwanza kwamba tulikuwa tumeishi miaka yote hiyo jirani na mahali salama kabisa kwa ndege, na sisi ndio tuliokuwa hatari. Nyumbani kwetu, kila chenye manyoya kilikuwa mgeni akisubiri kuwa kitoweo. Mama Naisiae alimfunga Yordani kwenye kona ya shuka lake, kichwa kikiwa nje, akatuachia maziwa na kuondoka naye akipita kwenye nyasi. Yordani alinitazama kwa jicho moja mpaka nikashindwa kuliona.

Siku ya tatu alikuwa amerudi juu ya mabati yetu. Mama alitoka na ufagio. Nikashika sketi yake. Alimtazama Yordani, Yordani akamtazama kwa jicho moja, kisha kwa lingine, na mama akashusha ufagio. "Wafula," akaita, "enda umwambie Mama Naisiae nyumbu yake imetoroka." Safari hii Mama Naisiae alimfungia kwenye kile kijumba cha ndama wachanga, akampa mahindi yaliyosagwa, akamweka hapo mwezi mzima mpaka akasahau njia.

Wiki mbili zikapita, hakuna kuku aliyekufa. Mayai yalirudi polepole, kisha yakajaa trei. Manati iliingia jikoni ikawa kuni, na Wafula aliamriwa kuziba kila tundu la waya banda zima, kazi aliyoifanya akinuna hadi Krismasi. Kila asubuhi maziwa yalipofika mama alianza kuuliza, kwanza kwa sauti ya kutojali, kana kwamba anauliza hali ya hewa: "Na yule Yordani wa Nekesa anasemaje?" Baadaye akaacha kusema wa Nekesa. Na siku moja Mama Naisiae alifika akiwa na haraka isiyo ya kawaida, akasimama ng'ambo ya tairi na kupaza sauti: "Mama Wafula! Ile Yordani yenu imetaga!"

Mama alikuwa ndani ya banda. Akatoka na trei mkononi. "Mayai ngapi?"

"Mbili. Imepata bwana huko kwangu."

"Ati nini? Kwani ilikuwa msichana?" Na mama akageuka kunitafuta mahali nilipo, uso wake umefunguka wote. "Kukhu! Kuja usikie!"

Likizo ilipofika nilipelekwa kuwaona. Makinda mawili, mabaya sana, yana manyoya ya njano, haba kama nywele za mzee. Sijapata kuona vitu vizuri namna ile. Niliporudi, mama alinisimamisha kwenye tairi nikaosha miguu, na mikono, na magoti, na wakati huo huo akanihoji mpaka jua likazama.

Hayo ndiyo yaliyopanda puani mwangu pale dukani. Nilipofika kwa mama nilikuta lango liko wazi. Nyasi za kuelekea Kisaju hazipo siku hizi. Kuna magorofa ya kupanga, na boma la Mama Naisiae lilihamia mbele zaidi, kama walivyowahi kuwahamisha ng'ombe. Kuku nao hawapo. Mama amezeeka, magoti yamemkataa, banda limekuwa stoo ya viti vya plastiki na gambuti za zamani. Lakini tairi lipo palepale. Mama alikuwa ameinama juu yake na ndoo, anamimina maji masafi, na juu ya mabati njiwa kama ishirini walikuwa wamejipanga wakimngoja amalize.

Alimaliza, akarudi nyuma hatua mbili. Wakashuka. Waliingia kwenye duara la maji mmoja baada ya mwingine, wakajitumbukiza mpaka shingoni, wakapiga mabawa, maji yakaruka hadi kwenye sketi yake. Mmoja alikuwa na bawa jeupe. Sitaki kuapa kwamba ni wa ukoo ule, lakini mama anaapa.

Nikainua chupa kumwonyesha. "Mama, nimekuletea ile dawa yako ya tairi."

"Weka mbali hiyo kitu, itawachoma macho," akasema bila kugeuka. Nikaanza kuvuka uwanja kwenda kumsalimia, naye akainua kiganja kunizuia, macho yake bado yako kwa njiwa.

"Ngoja kwanza, kukhu. Wacha wamalize."

Nikasimama langoni na chupa yangu mkononi, nikangoja zamu yangu.